Nambari Tunazoazimwa

Wenye asili ya Afrika Mashariki wakaao Hounslow huishi kwa nambari mbili, moja ya hapa na nyingine ya nyumbani. Wala hapana katika hizo mbili iliyo milki yao.

Katika barabara kuu ya Hounslow, magharibi mwa London, ambako ndege ziendazo kutua Heathrow hupita chini hata mtu akaweza kusoma maandishi ya ubavuni mwake, hapana bidhaa iliyo nyepesi kupatikana kuliko nambari ya simu. Huuzwa katika maduka ya magazeti, huuzwa kwa wauzaji wa mboga na viungo, huuzwa kwenye vibanda vya mafundi wa vioo vilivyopasuka. Na kwa sarafu chache, pengine bure kabisa, mnunuzi huondoka na laini yake pasipo kuulizwa jina lake, wala la baba yake, wala mlango anaolala. Sheria ya Uingereza haimlazimishi mwenye duka kudai kitambulisho kwa laini ya kulipia kabla. Mtu aliyetoka Dar es Salaam au Unguja, ambako tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa zilianza kuzimwa, hulitazama jambo hilo kwa mshangao, akajiuliza ni nchi gani hii impayo mpita njia anwani ya kufikiwa na dunia nzima bila hata ya kutaka kumjua.

Walakini dola hizi mbili, ambazo moja haiulizi neno na nyingine yataka kidole, zimeafikiana katika jambo ambalo wengi wetu hatulizingatii, nalo ni kwamba nambari si mali ya aliyeinunua. Ni hazina ya umma iliyowekwa mikononi mwa mdhibiti, yaani Ofcom kwa Uingereza, TCRA kwa Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Mdhibiti huigawa kwa mafungu makubwa makubwa kwa makampuni, na kampuni humwazima mteja moja katika fungu lake kwa muda wote atakaoitumia kwa mujibu wa masharti. Na kwa kuwa maisha ya ughaibuni, kuanzia benki hadi hospitali, na kuanzia fedha za matumizi tuzitumazo kwa wazee hadi salamu za Idi, yamekuja kutundikwa juu ya tarakimu hizo, yafaa tuijue nasaba yake, kazi yake na hatima yake.

Nasaba ya tarakimu

Tuchukue mathalani nambari 07700 900123, ambayo tunaweza kuichapa gazetini bila ya kumuudhi mtu, kwa sababu Ofcom imelitenga fungu la nambari elfu moja zianzazo na 07700 900 kwa ajili ya filamu na michezo ya kuigiza, ili mtazamaji mdadisi akiipiga asije akamwamsha usingizini mtu asiyehusika. Nambari hii husomwa kama watu wa pwani wasomavyo nasaba wanapoanzia kwa babu wa mbali na kushukia kwa mjukuu. Sifuri ya kwanza si sehemu ya nambari yenyewe, bali ni mlango wa ndani ya nchi. Saba inayofuata hutoa habari kwamba anayetafutwa ana simu ya mkononi. Tarakimu za kati huonyesha fungu alilokabidhiwa mwenye mtandao. Na za mwisho ndizo zimtengazo mteja mmoja na wenzake wote. Anayepiga kutoka nje ya Uingereza huiacha ile sifuri na badala yake huweka 44, ambayo ni jina la nchi katika daftari la Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu, wenye makao yake Geneva. Na kanuni ya muungano huo ni kwamba nambari yoyote duniani, ikihesabiwa pamoja na jina la nchi yake, isizidi tarakimu 15.

Dunia iligawanywa kwa majimbo ya tarakimu katika miaka ya 1960, na bara la Afrika, isipokuwa sehemu chache, likaangukia jimbo la mbili. Ndiyo maana Kenya ni 254, Tanzania ni 255 na Uganda ni 256, zikifuatana bega kwa bega, nazo zilitolewa katika zama ambazo posta na simu za nchi hizo tatu zilikuwa bado chini ya idara moja ya Afrika Mashariki. Zanzibar nayo ilitengewa 259 yake, ambayo haikupata kutumika; leo ampigiaye mtu wa Unguja kwa simu ya mezani hupitia 255, kisha 24. Ujirani huo wa zamani una alama nyingine ambayo vijana wengi hawaijui: kati ya nchi hizo tatu mtu aweza kupiga kwa njia ya mkato isiyopitia jina la kimataifa, akaanza na 005 kwa kwenda Kenya, 006 kwa kwenda Uganda, na 007 kwa kwenda Tanzania.

Na sifuri za kutokea nje ya nchi ni zipi? Uingereza hutoka kwa 00, nayo ilikuwa ikitoka kwa 010 hadi tarehe 16 Aprili 1995. Nchi zetu tatu hutoka kwa 000. Alama ya kujumlisha iandikwayo mbele ya nambari kazi yake ni kumwondolea msafiri taabu hiyo, kwa kuiambia simu iweke yenyewe mlango wa nchi ilimo. Hapa ndipo wageni wengi wa Hounslow hukwama siku ya kwanza. Mtu ameshuka Heathrow na daftari lake la simu limejaa nambari za nyumbani zianzazo na 0754 au 0784, zenye tarakimu kumi. Akizipiga kwa laini ya hapa, mtandao wa Uingereza hudhani kwamba ni nambari za simu za mkononi za Kiingereza zilizopungukiwa na tarakimu moja, kwa kuwa zile za hapa ni kumi na moja, basi humwacha aningʼinie. Nairobi na London zimefikia hata kushiriki 020 moja kwa simu za mezani, ingawa Nairobi hufuatisha tarakimu saba na London nane. Dawa ya yote hayo ni moja: kila nambari ihifadhiwe kwa alama ya kujumlisha na jina la nchi yake, na ile sifuri ya ndani iachwe. Wako waandikao alama ya kujumlisha, na jina la nchi, na sifuri juu yake, wakadhani kuzidisha ni hadhari. Simu haina stahamala hiyo.

Kutoka nyumba hadi mtu

Kwa muda mrefu nambari ilikuwa ya nyumba, si ya mtu. Huko nyuma Mwingereza wa London aliitaja simu kwa jina la kituo chake, na mpigaji akazungusha herufi tatu za mwanzo wa jina hilo kabla ya tarakimu nne. Ndiyo maana makao ya polisi ya Scotland Yard yalijulikana nchini kote kwa Whitehall 1212. Baadaye herufi ziliondolewa, London nzima ikawa 01. Watu walipozidi kuwa wengi kuliko nambari, mji ulipasuliwa tarehe 6 Mei 1990: katikati ikawa 071, na pembezoni, Hounslow ikiwemo, ikawa 081, jambo lililowauma wafanyabiashara wa pembezoni kwa kuwa nambari ilianza kutangaza nani yu mjini na nani yu kando. Mwaka 1995 ikaongezwa moja, 0181. Na tarehe 22 Aprili 2000 London ikaunganishwa tena chini ya 020, lakini nane ya pembezoni ikabaki mwanzoni mwa nambari za Hounslow kama chapa ya asili.

Wahindi waliofika pande hizi za Hounslow na Southall kutoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na wale waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 kwa amri ya siku tisini, ambao wazee wao hadi leo huweza kumkaribisha mgeni kwa Kiswahili safi, waliikuta simu ikiwa ni ya nyumba namna hiyo: simu moja ukumbini, inayojibiwa na yeyote aliye karibu, na simu ya kwenda Afrika Mashariki ikiwa ni jambo la arusi na msiba. Habari nyingine zote zilibebwa na barua.

Tarehe 1 Januari 1985 mtandao wa kwanza wa simu za mkononi wa Uingereza, wa Vodafone, ulianza kazi, na kuanzia hapo fungamano la nambari na mahali likaanza kulegea. Kufikia Aprili 2001 simu zote za mkononi zilikuwa zimekusanywa chini ya 07, na nambari haikuweza tena kumwambia mpigaji kama mwenzake yuko Hounslow au Glasgow. Tahadhari moja yafaa itajwe kwa walioko nyumbani: si kila 07 ni simu ya mkononi. Zianzazo na 070 ni aina nyingine ya huduma, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa na gharama kubwa, na matapeli walizipenda kwa sababu machoni hufanana na za kawaida.

Nambari isiyokaa ndani ya simu

Wengi hudhani kwamba nambari imo ndani ya kile kipande kidogo cha laini. La hasha. Kilichomo humo ni nambari nyingine, ya siri ya kazi, isiyopigwa na mtu, yenye tarakimu zisizozidi 15, nayo huanza na alama ya nchi iliyo tofauti na ile tuijuayo: 234 kwa Uingereza, 639 kwa Kenya, 640 kwa Tanzania, 641 kwa Uganda. Ile tuwapayo jamaa zetu imeandikwa katika daftari la mtandao uliotoa laini, mkabala na hiyo ya siri, na daftari hilo ndilo lijualo wakati wowote mwenye laini yuko upande gani wa dunia.

Basi ndege itokayo Afrika Mashariki inapogusa ardhi ya Heathrow na abiria wakawasha simu zao, laini ya Tanzania huutangazia mtandao wa Kiingereza 640 yake. Mtandao huo, ukitambua kwamba huyu ni mgeni, huuliza nyumbani kwake kama anajulikana na kama ana ruhusa. Na nyumbani hujibu, kisha huandika kwamba mtu wao sasa yuko London. Yote hayo hutimia kabla ya abiria hajafungua mkanda. Matokeo yake ni ajabu nyingine: jirani wa Hounslow akiipiga ile nambari ya 255 ya mwenzake aliyeketi nyumba ya pili, mwito huo kwanza huelekezwa Tanzania, ukamtafuta katika daftari la huko, kisha hurudishwa London, na kila mmoja wao akatozwa kwa safari ambayo hakuiona.

Kwa kuwa nambari imo daftarini tu, inaweza kuhamishwa. Aliyepoteza simu hupewa laini mpya na nambari yake ya zamani ikaandikwa mkabala nayo. Na asiyeridhika na mtandao wake huhama pamoja na nambari yake. Uingereza iliruhusu jambo hili kwa simu za mkononi mwaka 1999, Kenya mwaka 2011, Tanzania Machi 2017. Mkazi wa Hounslow, tangu Julai 2019, hutuma neno PAC kwenda 65075, akapata alama ya kuhamia, na kwa siku moja ya kazi huwa amekwisha hama. Lakini kwa desturi ya Uingereza mwito bado huenda kwanza kwa kampuni iliyopewa fungu hilo tangu mwanzo, nayo huusukuma kwa kampuni mpya. Nambari imehama nyumba, ila ingali inapita mlangoni kwa mama yake mzazi.

Ndiyo maana hapa hapana anayekisia mtandao wa mtu kwa tarakimu zake za mwanzo. Kwetu watu wangali wanakisia, na fauka ya hayo wanakisia hata umri na hadhi. Nambari za Tanzania zilipopangwa upya miaka ishirini hivi iliyopita, 0741 ikawa 0713, 0744 ikawa 0754, na 0748 ikawa 0784. Na hadi leo mwenye moja ya hizo hujulikana kuwa alikuwa na simu tangu zama ambazo simu ilikuwa fahari. Kwa Wakenya 0722 na 0733 zina heshima iyo hiyo, na heshima hiyo imezidi tangu mwaka 2019, mafungu ya 07 yalipoelekea kwisha na nambari za mkononi zianzazo na 01 zikaingia sokoni, zikipokewa na watu kwa shaka kana kwamba ni za wageni.

Jina lisilo na herufi

Mwaka 2007 Safaricom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata Vodacom ikaipeleka Tanzania, nambari ilivuka mpaka mwingine: ikawa ni mkoba. Tangu hapo mtu wa Hounslow anayemtumia shangazi yake fedha za dawa hahitaji jina la benki wala la tawi, tarakimu zatosha. Walakini pana kasoro katika maumbile ya nambari ambayo yastahili kufahamika. Simu yenyewe, yaani chombo, ina nambari yake ya tarakimu 15, ambayo mtu akibonyeza *#06# huiona, na tarakimu ya mwisho hupatikana kwa hesabu ya zile kumi na nne zilizotangulia, hata aliyekosea moja hugunduliwa papo hapo. Nambari ya mteja haina shahidi huyo. Ukikosea tarakimu moja, aghalabu umeangukia kwa mtu mwingine kamili, mwenye simu yake na mkoba wake, naye hana wajibu wa kukujua. Kwa hiyo kuonyeshwa jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha ni kinga kubwa, na anayelipita jina hilo bila ya kulisoma amejitupa mwenyewe.

Uingereza nayo imeingia njia hiyo hiyo kwa mlango mwingine. Tangu Machi 2022 malipo mengi ya mtandaoni kwa kadi hudai uthibitisho wa pili, na aghalabu uthibitisho huo ni tarakimu za mara moja zitumwazo kwenye simu. Aliye na nambari anahesabiwa kuwa ndiye mtu. Matapeli wa pande zote mbili wameifahamu hikima hiyo mapema kuliko sisi: huko Tanzania hutuma ujumbe usemao ile pesa itume kwenye namba hii, wakitumaini kwamba kati ya maelfu watakaousoma yuko mmoja aliyekuwa kweli karibu kutuma pesa; na hapa Uingereza mzazi hupokea ujumbe kutoka kwa anayejiita mwanawe, kwamba simu imevunjika na hii ndiyo nambari mpya, naomba unilipie bili. Hila ni ile ile, ya kuitumia imani yetu kwamba nambari na mtu ni kitu kimoja. Wengine huenda mbali zaidi, wakamdanganya mtoa huduma awahamishie nambari ya mtu kwenye laini yao, na kwa dakika chache wakawa wao ndio yeye mbele ya benki yake.

Kubipu peke yake ndiko kulikoitumia nambari kwa unyofu kamili. Aliyebipu hakusema neno wala hakulipa senti. Alichokituma ni nambari yake tupu ikiangaza kwenye kioo cha mwenzake, na mwenzake akafahamu: nimefika, au nipigie, au nakukumbuka, kwa kadiri ya saa na ya udugu wao.

Amana na marejesho

Sasa tuirudie ile nambari ya pili, ya nyumbani, ambayo watu wa Hounslow huibeba katika tundu la pili la simu. Ndiyo iliyofungamana na mkoba wa fedha, na akaunti ya benki ya Dar es Salaam au Mombasa, na kundi la ukoo kwenye WhatsApp. Kuiweka hai kuna gharama: yataka ipate mtandao wa ugenini, yataka salio, na yataka itumike, kwa sababu laini iliyolala kupita muda uliowekwa hufungwa, na nambari yake, baada ya kupumzishwa, hukabidhiwa mteja mwingine. Na ikishafungwa, mwenyewe hawezi kumtuma mpwa wake dukani akairudishe, maana usajili wa Tanzania wataka kidole chake yeye, nacho kiko Hounslow.

Hapo ndipo uazima unapodhihirika. Nambari iliyorejeshwa haipelekwi makaburini. Huoshwa na kurudishwa rafuni. Kijana aliyenunua laini leo huanza kupokea miadi ya hospitali ya mtu asiyemjua, madai ya deni asilolikopa, na sauti ya bibi kizee anayemwita kwa jina la mwingine. Akijaribu kuifungulia akaunti ya ujumbe, aweza kumkuta mwenye nambari wa kwanza bado ameketi humo. Pia ziko familia ambazo, baada ya msiba, ziliendelea kuihifadhi nambari ya marehemu, mpaka siku moja ikaitika kwa sauti ya mgeni.

Basi mwenye nambari na aitendee kama mtu mwaminifu atendeavyo amana. Asiifanye kuwa mlango wa pekee wa mali yake. Benki iwe na njia ya pili ya kumtambua, na akaunti zake ziwe na neno la siri lisilotegemea ujumbe wa simu. Nambari za watu watano au sita walio wa lazima ziandikwe kwenye karatasi, pamoja na alama ya kujumlisha na jina la nchi, kwa kuwa siku simu ipoteapo kumbukumbu hupotea nayo. Anayetaka kuiacha na aifungue kwanza kila mahali alipoifunga: benki, mkoba wa fedha, kliniki, shule ya watoto, kundi la ukoo; atoe fedha zilizosalia, na awaarifu jamaa kwa sauti yake, si kwa ujumbe unaoweza kuandikwa na yeyote. Warithi nao wafanye hivyo hivyo kwa nambari ya marehemu wao, kabla ya kampuni haijaichukua.

Taabu hiyo ni ya mchana mmoja tu, nayo haimfaidii anayeondoka peke yake. Yuko mtu, Hounslow au Tabata ya Dar es Salaam, ambaye hatutamjua, atakayepewa tarakimu hizo baada yetu. Na haki yake ni kuzipokea zikiwa hazina deni, hazina siri na hazina majonzi ya mwingine.